Sura ya Nne: Mlango Ulio Wazi Mtaa wa Tablada

Picha ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Heliodoro Pautt. Aliipeleka dirishani, akavaa miwani, akaitazama upya. Mtaa wa Tablada, alfajiri, mwanga ndio kwanza unapenya: safu mbili za nyumba kuukuu zinatazamana, milango imefungwa, madirisha yamefungwa, hakuna taa, hakuna moshi wa jiko, hakuna hata kuku anayechakura. Chini yake mtu wa ofisi ya mipango miji alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: MTAA ULIOHAMWA.

Nakala za picha hiyo zilikuwa zimeshagawiwa kwa madiwani wote wa San Bernabé. Jioni hiyo wangepiga kura juu ya mradi wa kuufufua mji wa kati. Wakiupitisha kama ulivyo, bomba jipya la maji lingeikwepa Tablada, kwa kuwa hakuna mtu wa kunywa, na nyumba zingebomolewa ili pajengwe uwanja wa mawe wenye chemchemi katikati.

"Chemchemi!" alisema Doña Nicolasa Zúñiga, aliyekaa upande wa pili wa meza, mkoba magotini. Ndiye aliyeleta malalamiko. "Sisi tunaomba maji ya kunywa tangu binti yangu hajaota meno, na leo binti yangu ana wanawe. Wao wanataka maji ya kurusha juu ili yashuke tena."

"Tulia kidogo, Doña."

"Nimetulia. Siku nisipotulia utajificha chini ya hiyo meza."

Heliodoro alikuwa inspekta wa ofisi ya malalamiko ya wananchi, chumba kimoja nyuma ya jengo la baraza, kati ya choo na stoo ya mifagio. Wakubwa walikianzisha ili watu wawe na pa kulalamikia bila kuwasumbua wao. Walimweka humo polisi mstaafu, mjane, shule yake ndogo, wakidhani atasinzia hadi pensheni imkute. Hakusinzia.

"Don Anselmo hajambo?" aliuliza.

"Yuko vile vile. Upande mmoja haumtii. Namwogesha kwa maji ya mkokoteni wa nyumbu, na mwenye nyumbu akilewa haogi." Nicolasa akaugusa mkoba wake kama anayehakikisha haujakimbia. "Wanasema watatupa vyumba kwenye maghorofa ya Los Trupillos. Juu kabisa, na lifti haijaletwa. Mume wangu nitampandishaje, Inspekta? Kwa kamba, kama piano?"

Akacheka peke yake, kisha akaacha.

"Kitanda chake kiko dirishani," alisema. "Kila apitaye humwita kwa jina. Muuza samaki, padri, walevi, wote. Hiyo ndiyo dawa iliyobaki. Huko juu nani atamwita?"

Heliodoro aliikunja picha, akaitia mfuko wa shati. "Picha hii unasemaje?"

"Ya uongo."

"Picha yenyewe haina mdomo. Aliyeituma ndiye wa kuulizwa." Akachukua kofia. "Nina mpaka jioni. Nenda kamwogeshe mzee. Nitakufuata."

*

Alianza na mtu aliyemshuku tangu mwanzo. Mhandisi Crisanto Iriarte, mkuu wa maji, ndiye aliyekataa maombi yote ya Tablada. Heliodoro aliamini kwamba Iriarte alifukua picha ya zamani, ya mwaka wa mafuriko, wakazi walipolala shuleni, akaiuza kama mpya.

Alimkuta akila papai ofisini, tai ameitupa begani isichafuke.

"Kwa nini huwaunganishii maji Tablada?"

"Kwa sababu hakuna watu."

"Nani alikuambia hakuna watu?"

"Mipango miji."

"Na wao wamejuaje?"

"Hakuna mita za maji. Nyumba isiyo na mita haina mtu. Ndivyo wanavyohesabu."

"Na mita hazipo kwa sababu gani?"

"Kwa sababu sijawaunganishia." Iriarte aliacha kutafuna. Akatazama papai, akamtazama Inspekta. "Ukiyaweka hivyo yanasikika vibaya."

"Hata nisipoyaweka. Hii picha ni ya lini?"

Mhandisi alifuta mikono, akaichukua, na Heliodoro akamkazia macho usoni kama alivyokuwa akiwakazia wezi wa ng'ombe. Uso haukufanya lolote ila kusoma.

"Ya juzijuzi," alisema Iriarte. "Tazama kona. Nguzo ya zege. Palikuwa na ya mbao, ikaangushwa na gari la kanivali mwaka huu, lile lililombeba malkia. Nguzo hii niliisimamia mwenyewe."

"Una hakika?"

"Inspekta, waya ulinikosa kidogo tu kichwani. Nguzo hii naijua kama ninavyomjua mama mkwe."

Basi nadharia ya kwanza ikafia hapo, juu ya maganda ya papai. Picha ilikuwa mpya, na mwenye papai alikuwa mvivu tu. Heliodoro alishuka ngazi akiwa hana mshukiwa, na jua likiwa limeshapita utosini.

*

Tablada ilikuwa imejaa. Wanawake walikaa barazani kwenye viti vya kubembea, miguu imelowekwa kwenye mabeseni. Mtu alikuwa akikaanga maandazi ya muhogo. Mkokoteni wa maji ulisimama katikati ya njia, nyumbu amegoma, mwenye nyumbu akimbembeleza kwa majina ya mapenzi ambayo mkewe hakuwahi kuyasikia, na mkewe akamwambia hivyo kutoka dirishani.

Heliodoro alitafuta mahali aliposimama mpiga picha. Alipapata nyuma ya ukuta wa bohari la zamani la kahawa: kutoka hapo ile nguzo ya kona ililingana na ile ya pichani. Akainua picha mbele ya uso, akaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Mlango umefungwa. Umefungwa. Umefungwa.

Katikati ya safu ya kushoto alisimama. Kule ofisini alikuwa amepaona kama kivuli. Hapa, kwenye mwanga wa kweli, aliona si kivuli. Ulikuwa mlango uliofunguliwa pande zote mbili hadi ukutani, na ndani yake giza tupu.

Nicolasa alikuwa amemfuata, mikono bado ina sabuni.

"Nyumba ile ni ya nani?"

"Ya marehemu Doña Eufemia Castellar. Tumemzika si zamani."

"Matanga mlifanya yote?"

"Tungeachaje? Usiku tisa wa sala, madhabahu sebuleni, mashuka meupe, glasi ya maji yake mezani. Maji ya kununua, lakini alipata." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Usiku wa mwisho tuliimba mpaka kunakucha, halafu tukavunja madhabahu kama kawaida. Kwa nini?"

Heliodoro aliketi ukingoni mwa baraza. Kwake pia madhabahu iliwahi kuvunjwa, ya mkewe Rosalba. Mshumaa wa mwisho aliuzima yeye mwenyewe kwa vidole, hakupuliza, maana wazee wake walimfundisha kwamba pumzi ya aliye hai humchelewesha aliyekufa. Kisha nyumba ikabaki giza, mlango ukaachwa wazi, watu wote wamejibana ukutani kumpa nafasi ya kupita. Na majirani?

"Doña," alisema, "mnapozima mshumaa wa mwisho, mtaa unafanyaje?"

"Unafunga. Kila mtu anafunga kwake na kuzima taa kabla ya kuja, roho isije ikapotea ikaingia kwa jirani. Unabaki mlango wa marehemu tu." Akaichukua picha kutoka mkononi mwake, akaileta karibu na macho. "Bikira Maria! Hapa ndani tupo sisi."

"Wote?"

"Mtaa mzima. Hata Anselmo tulimbeba na kiti. Hapa gizani mimi nimemshika mkono." Akaigusa ile sehemu nyeusi kwa kidole chenye sabuni. "Wameandika 'uliohamwa' juu ya vichwa vyetu."

*

Lakini hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Wakili yeyote angesema mpiga picha alipita kwa bahati mbaya, hakujua, na samahani sana. Heliodoro alihitaji kujua kama ilikuwa bahati.

Studio ya Wilfrido Tunjano ilikuwa ng'ambo ya soko, ukuta mzima umejaa picha za maharusi. Wilfrido mwenyewe alikuwa mtu wa milimani, mashavu mekundu, koti mwilini hata kwenye joto lile.

"Picha hii ni yako?"

"Yangu, mzee. Imekosea?"

"Haijakosea hata kidogo. Kwa nini saa ile?"

"Ndivyo nilivyoambiwa."

"Uliambiwa vipi? Kwa maneno yale yale, tafadhali."

Wilfrido alijikuna shingo. "Nisimame nyuma ya ukuta wa bohari, nisisogee. Wakiwa wanaimba, nisipige. Wakinyamaza, ningoje kidogo, kisha nipige haraka kabla hawajawasha taa."

"Wakiimba. Hukuuliza ni akina nani wanaoimba?"

"Nilidhani walokole. Kwetu milimani tukishazika tumezika, tunarudi kulima. Sikujua kuna... Kwani palikuwa na nini?"

"Matanga."

Uso wa Wilfrido ulibadilika. Alivua kofia yake ya sufu, akaishika kwa mikono miwili.

"Nani alikuambia?" aliuliza Heliodoro. "Karani?"

"Hapana. Bosi mwenyewe, kwa simu. Daktari Berrío wa mipango miji. Alipomaliza akakaa kimya, nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, 'Mlango mmoja utakuwa wazi. Wewe usiingie.'"

Heliodoro aliitazama tena picha. Mtu aliyejua kwamba nyimbo zitakoma, na taa zitakuwa zimezimwa, na mlango mmoja utakuwa wazi, hakuyasoma hayo kwenye ramani. Mtu huyo aliwahi kujibana kwenye ukuta wa Tablada gizani, labda akiwa mdogo, mkono wake ndani ya mkono wa mtu.

*

Evaristo Berrío alikuwa anaitwa daktari kama kila mwenye shahada katika mji ule, hata kama hajui kufunga kidonda. Heliodoro alilitaja jina lake kwenye ngazi za jengo la baraza, na Nicolasa, aliyekuja na nusu ya Tablada nyuma yake, akashikilia reli.

"Evaristo? Evaristo wa Eufemia?"

"Ni mwanawe?"

"Wa kumlea. Mama yake alikwenda Venezuela kutafuta maisha, akamwacha kwa wiki moja, hakurudi. Eufemia akamsomesha kwa kuuza vitamu vya nazi, sinia kichwani, jua hili hili." Alipumua. "Usiku wote tulimngoja. Kila gari likisimama, tunageuka. Nilisema labda hana habari."

"Alikuwa nayo."

"Naona." Kisha, kwa sauti ya chini: "Usimpige sana, Don Helio."

"Doña, anataka kukubomolea nyumba."

"Najua. Lakini nilimwogesha huyo. Alikuwa na upele."

Ukumbini wakazi walijaza viti vya wananchi na waliokosa wakasimama. Picha ilikuwa imemulikwa ukutani kwa mashine, kubwa kama pazia. Don Tulio Barraza, mwenyekiti wa baraza, alikuwa anataka kuwahi chakula. Alisoma hoja kama anayefukuza nzi. Alipofika kwenye "mtaa usio na wakazi," sauti ikatoka nyuma: "Basi wewe Tulio unasalimiwa na mizimu, maana asubuhi ulikula maandazi yangu!" Ukumbi ukacheka. Don Tulio akagonga nyundo.

Heliodoro aliinuka. Ofisi yake ilikuwa na haki ya swali, haki ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta.

"Nina maswali kwa Daktari Berrío."

Berrío alisimama. Shati la kitani, ndevu zimechongwa vizuri, macho ya mtu ambaye hajalala.

"Picha hii ni ya kweli?"

"Ni ya kweli. Haijaguswa."

"Naamini. Nyumba yenye mlango wazi ni ya nani?"

"Kwenye mchoro ni kiwanja namba—"

"Sikuuliza namba."

Don Tulio akaingilia. "Inspekta, nyumba ni nyumba. Tuendelee."

"Naendelea. Daktari, katika nyumba ile kafa nani?"

San Bernabé mtu anaweza kukana deni, kukana mtoto, kukana hata kura aliyoipiga mbele yako. Maiti wake hamkani. Berrío aligeuza karatasi zake. Nicolasa alikuwa mstari wa mbele, ameuweka mkoba magotini, anamtazama bila hasira, na hilo nadhani lilikuwa baya kuliko hasira.

"Eufemia Castellar," alisema.

"Ni nani kwako?"

"Mama yangu."

"Picha inapigwa, ndani mlikuwa na nani?"

"Mimi sikuwamo."

"Nani alikuwamo?"

"Mtaa. Mtaa mzima."

"Na taa zilizimwa kwa nini?"

Berrío aligeuka kuutazama ukuta, ule mlango mweusi mkubwa kuliko yeye. "Taa ikiwaka hataki kuondoka," alisema. "Zinazimwa ili akubali."

"Wewe ndiye uliyemwambia mpiga picha angoje wanyamaze?"

"Ndiyo."

"Sina swali jingine."

Mwanamke mmoja nyuma alifanya ishara ya msalaba, kisha wote. Madiwani walinong'onezana. Sitasema waliingiwa na huruma. Walitazama idadi ya vichwa ukumbini na kukumbuka kwamba uchaguzi uko njiani. Lakini mikono iliyoinuliwa ni mikono iliyoinuliwa: Tablada ikaondolewa kwenye orodha ya kubomolewa, na bomba likaagizwa lipite katikati ya mtaa. Mhandisi Iriarte, kutoka kiti cha nyuma, alisema ataanza kuchimba Jumatatu, akaongeza kwamba safari hii atabisha hodi kwanza.

*

Heliodoro na Nicolasa walimkuta Berrío kwenye ngazi za nyuma, karibu na stoo ya mifagio. Beji yake ya ofisi alikuwa ameivua, ameiweka pembeni yake kwenye jiwe.

"Wakubwa walisema bila uwanja mradi haupo," alisema bila kuinua kichwa, "na bila mradi mimi sipo."

"Wamekwisha kukufukuza?" aliuliza Heliodoro.

"Don Tulio alinitangulia mlangoni mwa ofisi. Hakutaka hata nirudi kuchukua kalamu zangu."

"Ndivyo walivyo. Uchafu wao wanamtuma mtu, kisha wanamtupa mtu." Alitaka kuendelea, maana alikuwa na mengi juu ya wakubwa na ameyaweka miaka mingi. Nicolasa akamgusa kiwiko, naye akaacha.

Berrío alimtazama Nicolasa kwa mara ya kwanza. Midomo yake ilitafuta swali na kuliacha, ikalitafuta tena.

"Mama aliniulizia?"

Heliodoro aliangalia pembeni. Katika miaka yake yote ya kuhoji watu hakuwahi kusikia swali ambalo hakutaka jibu lake kama hilo.

"Mwishoni alikuwa hamtambui mtu," alisema Nicolasa. "Mimi aliniita jina la dada yake. Padri alimwita mwizi." Akaketi kando ya Berrío, polepole, goti kwanza. "Lakini kila gari likipita nje alijiinua kitandani. Anasema, 'Evaristo huyo. Mpakulieni, hajala.'"

Berrío alijifunika uso. Hakulia kwa sauti. Mabega tu yalikuwa yanafanya kazi. Nicolasa alimwacha. Alimngoja kama mtu anavyongoja mvua ipungue chini ya paa, bila kuilaumu.

"Na kweli hujala," alisema hatimaye. "Tazama shati linavyokuning'inia."

Berrío alitikisa kichwa: hakuwa amekula.

"Basi inuka. Kuna wali wa nazi, na Anselmo atafurahi kuona mtu mpya." Akamshika Heliodoro mkono ili asimame, kisha akampungia Berrío mkono amfuate. "Lakini bomba ni Jumatatu, mwanangu, na leo mwenye nyumbu amelewa. Utapitia kisimani kwa masista, na ndoo utabeba wewe."